Delwyn Anataka Mizani ya Betri

"Ukishalipuka huko bandani, Delwyn, nikuokotee wapi? Juu ya paa au kwenye vitunguu?"

Wifi yangu Lavonne hakupandisha sauti. Watu waliooana miaka arobaini na minne hawapandishi sauti, hawana pumzi ya kuchezea. Alikuwa amekaa jikoni kwangu, viwiko mezani, na katikati ya meza lilikuwepo sanduku la matufaha lililojaa vyuma. Kaka yangu Delwyn alikaa ng'ambo ya sanduku, kofia kichwani, akamjibu kwamba hatalipuka, na hata akilipuka asiokotwe, aachwe kunguru nao wapate riziki.

Walikuwa wamelianza jambo hilo kwao asubuhi, wakaja nalo kwenye gari, wakaniingilia nalo mlangoni kama watu waliobeba kochi, huyu mbele, yule nyuma. Nikawawekea kahawa. Mvua ya Juni ilikuwa imekata, nyasi za malisho zimelala, na hakuna aliyeweza kufyeka siku hiyo, kwa hiyo bonde zima lilikuwa na nafasi ya kugombana.

Vyuma vile vilikuwa vya marehemu mume wa Gudrun Lien. Alikufa Februari, na mjane akasema tuchukue sanduku tukatazame, tukivitaka tuseme, tusipovitaka tuvirudishe na sanduku lake. Vilikuwa vyombo vya kujazia risasi nyumbani. Ukishafyatua risasi, lile ganda la shaba halitupwi. Unalisafisha, unalirudisha umbo lake kwenye kalibu, unalitia fataki mpya kitakoni, unapima baruti, unamimina, unashindilia kichwa kipya juu yake, na una risasi tena. Wanaume wa huku hufanya kazi hiyo wakati wa baridi, wakati ng'ombe wamelala na wake zao wamechoka kuwatazama.

Delwyn hakuwahi kuifanya. Yeye kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha gari la wilaya la kusukuma theluji, kwa hiyo baridi yetu sisi ndiyo ilikuwa mavuno yake. Alikuwa akiondoka nyumbani bado giza na kurudi giza limerudi, na katikati hapo aliwatoa watu shimoni, alipeleka wajawazito mjini nyuma ya lile koleo la gari lake, na mara moja alisukuma theluji nyingi kwa nguvu hadi akamsogezea mpaka jirani wetu, na yule jirani akalipa kodi ya wilaya nyingine miaka miwili kabla hajatambua. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo ni kweli.

Sasa amestaafu, na ana shida ya bunduki ya baba.

Ile bunduki baba aliinunua kwa mlinzi wa reli. Ina nguvu ambazo hazielezeki. Mwaka wa baridi kuu baba aliifyatua Jumatatu asubuhi, na mwangwi ukarudi Alhamisi, ukatukuta tunakula, ukaamsha mbwa. Lakini risasi za saizi yake hakuna anayezitengeneza tena. Duka la mjini waliandika oda, wakaandika tena, miaka miwili ikapita. Delwyn alibaki na risasi kumi na moja, akazitumia kwa uchoyo, hadi zikabaki mbili. Maganda alikuwa nayo debe zima. Kwa hiyo ama ajaze mwenyewe, ama atundike bunduki ukutani aitazame.

Na mwaka huu hakuweza kuitundika. Wiki mbili nyuma jina lake lilikuwa limetoka kwenye bahati nasibu ya kibali cha kuwinda kondoo dume wa majabali. Kibali kile hutolewa kwa wachache mno, na mtu huomba kila mwaka, hukataliwa kila mwaka, na wengi huzikwa wakiwa bado wanaomba. Delwyn aliomba miaka ishirini na sita. Kibali kikitoka kinakuwa na jina lako wewe, hukigawi, huuzi, humrithishi mtoto, na msimu ukipita kimekufa. Mwanawe, Tate, ndiye aliyeona jina kwenye simu, akaendesha gari hadi kwao kumwambia ana kwa ana. Lavonne alinisimulia kwamba Delwyn alikwenda kukaa zizini saa nzima, ndipo akarudi kula.

Basi vyombo. Tate alikuwa amewaonyesha picha ya mtambo mpya wenye vituo vitano, ambao ukivuta mpini mara moja tu, risasi inatoka, unavuta tena, nyingine, kama kuku aliyechanganyikiwa. Delwyn akasema mtu anayejifunza anaanza na mtambo wa moja moja, ganda moja kwa zamu, ili akikosea akosee mara moja. Lavonne akakubali. Mimi pia nilikubali, ingawa hakuna aliyeniuliza. Mtambo wa Gudrun ulikuwa wa namna hiyo hiyo, wa chuma cha zamani, mzito kama ndama aliyegoma. Kalibu zilikuwepo, na zilikuwa za saizi ya bunduki ya baba, kwa sababu marehemu Lien naye alikuwa na bunduki kama ile. Kila kitu kilikubaliwa. Ugomvi ulikuwa juu ya mizani.

Mizani ya Gudrun ilikuwa ya mkono: upande huu kisahani kidogo cha kutilia baruti, upande ule ulimi mwembamba unaopanda na kushuka mbele ya mstari mwembamba kama unywele. Ulimi ukitulia mstarini, kipimo ni sawa. Lavonne alisema Lien aliitumia miaka arobaini na akazikwa na vidole vyote kumi. Delwyn akasema haitaki. Anataka kwenda mjini kununua ya betri, ile yenye tarakimu kubwa zinazowaka.

"Pesa ya nini," Lavonne akasema, "wakati hii iko hapa bure?"

"Hiyo imepitwa na wakati."

"Na wewe je?"

Alimjibu kwamba yeye pia amepitwa, ndiyo maana anahitaji msaada.

Nilikuwa nakata pai ya rubabi, yale mashina machachu ya bustanini, na hapo kisu kikasimama chenyewe. Huyu ni mtu ambaye betri na yeye ni maadui. Alipopewa kifaa cha kumsaidia kusikia alikiweka kwenye kikombe cha misumari. Tate alimletea saa ya ukutani ya betri, akaitoa, akarudisha ya kutia ufunguo ambayo inachelewa dakika kumi kila siku, akasema ana muda. Tena wazee wote wa bonde hili watakuambia mizani ya betri ni mwongo: upepo ukiingia bandani inayumba, simu ikilia inayumba, ukiwa na mawazo mabaya inayumba. Na upepo wetu sisi si wa mchezo. Uliwahi kumnyoa jirani ndevu za upande mmoja, akangoja siku mbili ugeuke ummalizie upande wa pili. Delwyn mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwacheka vijana wanaopima baruti kwa betri. Nilimsikia kwa masikio yangu, kanisani, wakati wa mahubiri.

Niliwagawia pai. Nilitoa mizani sandukuni, nikaiweka mbele yake, nikaifuta vumbi kwa aproni, nikaisawazisha hadi ulimi ukakaa mstarini. Halafu, nikimimina kahawa, nikadondosha kifungo cha shati kwenye kisahani. Kisahani kikazama. Ulimi ukaruka juu kama mkia wa paka aliyekanyagwa.

"Delwyn," nikamwambia, "miwani yangu siioni. Hebu nitazamie, imetulia mstarini?"

Akainama. Akafumba jicho moja kama fundi anayetia uzi kwenye sindano. Alitazama kwa muda mrefu, kwa makini, jinsi alivyokuwa akitazama barabara theluji ikianguka.

"Imetulia," akasema. "Katikati kabisa."

Lavonne alikuwa ameinua uma. Akaushusha taratibu bila kula. Akanyoosha mkono, akatoa kile kifungo kisahanini, akakiweka mezani. Kilitoa mlio mdogo tu, lakini huyo kaka yangu asiyesikia alikisikia.

"Nini hicho?"

"Kifungo," nikasema.

"Kilikuwa wapi?"

Lavonne akagonga kisahani kwa uma. Nilidhani ningecheka, maana hila ilikuwa nzuri na ilifanya kazi, lakini kicheko hakikuja. Delwyn alivua kofia, akaiweka juu ya mtambo wa Lien, na bila kofia alionekana mzee kuliko mimi, nami namzidi miaka saba.

Lavonne akamuuliza tangu lini. Akasema tangu mavuno ya nyasi ya mwaka jana. Mwanzo ilikuwa kama kioo cha gari chenye pumzi, ukadhani utakifuta. Sasa jicho la kulia ni maziwa matupu, la kushoto nalo linafuata. Barabara anaijua kwa kichwa. Gazeti analishika tu. Kanisani anaimba nyimbo anazozikumbuka. Tarakimu zinazowaka, zile anaziona, alizijaribu dukani alipomwambia Lavonne amekwenda kununua chumvi ya ng'ombe.

"Hukurudi na chumvi," Lavonne akasema.

"Nilisahau."

Kisha Lavonne akamkumbusha kwamba daktari wa mjini anaondoa mtoto wa jicho kwa dakika ishirini, na dada wa mchungaji alitoka pale akaenda zake kununua viatu. Delwyn akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeitikia hesabu ya mwingine. Mimi nilijua anawaza nini, na Lavonne hakujua, kwa sababu hakuwepo. Mwaka wa sitini na moja baba alipelekwa kupasuliwa jicho. Alirudi na kitambaa, na chini ya kitambaa hapakuwa na kitu. Delwyn alikuwa na miaka sita, na ndiye aliyekuwa akimshika baba mkono kwenda zizini. Nilimwambia Lavonne hivyo, kwa maneno machache, na kwa mara ya kwanza sikuongeza chumvi.

"Msimu wa kuwinda ni Septemba, na Septemba si mbali," Delwyn akasema. "Nikienda kwa daktari wakaniharibu, nimekosa. Nikingoja hadi Novemba, nakwenda mlimani na haka kajicho kalikobaki. Kondoo dume ni mkubwa, Lavonne. Si mbegu ya haradali."

"Na baruti?"

"Baruti mashine itanisomea."

"Sawa. Mashine itakusomea baruti." Aliongea kwa uchovu, kama anayehesabu sahani baada ya msiba. "Na mlimani je? Kule juu kuna njia ya mtu mmoja mmoja. Anayetembea mbele yako ni Tate. Ana koti la kahawia, rangi ya huyo kondoo wako. Mwanangu anatembea mbele ya bunduki ya mtu aliyetazama kifungo akasema hakuna kitu."

Delwyn alishika mpini wa mtambo, akauvuta chini, akauachia ukapanda, akauvuta tena. Ulikwenda vizuri. Lien alikuwa ameutia grisi kabla hajafa.

"Nimeomba miaka ishirini na sita," akasema.

"Najua. Kila mwaka mimi ndiye niliyelamba bahasha ya maombi."

"Nikimwambia Tate hatakwenda nami. Atasema baba, kaa nyumbani. Atasema kwa upole, na upole wake ndio siutaki."

Mimi nikasema labda atasema twende kwa daktari kesho. Delwyn akasema Dada, wewe umetunga hadithi maisha yako yote, na hata moja haikuwa na daktari. Hapo alikuwa na haki.

Lavonne akasogeza mizani upande wake. Akatia kijiko cha sukari kisahanini, akasukuma taratibu kwa kidole kile kichuma kidogo cha uzito kwenye mkono wa mizani hadi ulimi ukakaa, akausoma kwa sauti, hesabu na sehemu zake. Akaondoa chembe chache, akausoma tena. Hakuwahi kuishika mizani ile kabla ya siku hiyo. Akasema ikibidi yeye atapima, Delwyn atavuta mpini, na betri ya shetani ibaki dukani. Hayo yanawezekana. Lakini mlimani hawezi kumsomea mtu, na hatalala usingizi Septemba nzima akingoja simu. Kwa hiyo ama Delwyn aende kwa daktari Julai, ama amwambie Tate kama alivyo, Tate aamue mwenyewe atembee mbele ya nani. Moja kati ya hayo mawili, na si yeye Lavonne atakayelisema.

Delwyn alipangusa uso kwa viganja vyote viwili, juu chini, juu chini.

"Nimechoka kujifanya," akasema. "Hamjui kazi yake ilivyo. Kulima theluji kulikuwa rahisi."

"Basi acha."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Lavonne. Niache nitafute pa kuanzia. Huwezi kumwendea mtoto wako ukamwambia tu kwamba..."

Kwetu viatu vya matope huachwa kibarazani, na mtu mwenye adabu huingia kwa soksi, kwa hiyo hatukusikia chochote. Mlango ulifunguka na mwanga wa nje ukaingia mwingi, mweupe, wa baada ya mvua. Tate alisimama pale kizingitini, kofia mkononi, akitazama vyuma vilivyotapakaa mezani, akitabasamu, akingoja aambiwe wamechagua nini.

Delwyn akageuka. Akainua mkono kukinga macho, akakunja uso, akautafuta ule mwili uliosimama kwenye mwanga, hatua nne kutoka alipokaa.

"Nani huyo?" akauliza.