Samaki Wasio na Baba

Kazi yangu katika maabara ya chuo hapa Eldoret ni kulisha samaki na kuhakikisha maji yao hayapoi, maana baridi ya Julai haina huruma na viumbe wa nchi za joto. Matangi yako pande mbili. Upande mmoja samaki huzaana kama sisi, dume na jike. Upande wa pili wote ni majike. Hutafuta dume wa jamii jirani, mbegu yake ikaamsha mayai, basi. Vitoto huzaliwa nakala ya mama, bila hata chembe ya baba.

Nilimsimulia mke wangu nyumbani kwetu mtaa wa Huruma, mimba yake ikiwa changa. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Basi na wewe ni huyo ndume wa tangi. Kazi yako ilikuwa kubisha mlango tu, mtoto ni wangu mzima!"

Nilinuna kidogo, kisha nikacheka naye.

Binti yetu alikuja kabla ya wakati wake. Aliwekwa kwenye inkubeta, kile kisanduku cha joto, akiwa na kofia na soksi zilizomfika magotini. Paji la uso la mama, mdomo wa mama, hata kununa kwa mama. Mama mkwe alipomwona alisema, "Huyu ni wetu kabisa. Baba yake hata sahihi hakuweka." Mama mkwe wangu hajui kunyamaza, hata wodini.

Wiki hiyo hiyo tulianza jaribio la njaa kazini. Vitoto vya samaki vya pande zote vilipunguziwa chakula tuone nani atastahimili. Vile vya mama peke yake ndivyo vilivyotangulia kulala ubavu. Mkubwa wangu alinieleza kwamba wakifanana wote, linalomwangusha mmoja laweza kuwaangusha wote. Waliochanganya damu, huenda mmoja akawa na cha kumwokoa. Nilivitoa vilivyokufa kwa wavu mdogo, kisha nikaenda hospitali kumtazama mwanangu akinyweshwa maziwa kwa mrija, tone kwa tone.

Hapo ujinga ukanishika. Nilianza kujitafuta ndani ya yule mtoto. Masikio, ya mama. Kucha, za mama. Mtu mzima na akili zangu, niliamini kwamba nikipata kitu changu kimoja tu, atapona.

"Baba, unatafuta nini hapo?" nesi aliniuliza.

"Hakuna, sista. Namwangalia tu."

Jumapili asubuhi pumzi ilimshinda.

Mke wangu hakuweza kumvisha, nikamvisha mimi. Nilipomvua zile soksi, kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake, kama changu, kama cha marehemu baba yangu. Nilimwita mke wangu. Alikitazama, akakigusa.

"Kumbe alikuchukua," akasema.

Alikuwa nacho tangu siku ya kwanza, na hakikumsaidia kitu.