Mlamba Vigae

Mama wa mambo ya kale, anayechimba kiwanja kitakachojengwa hoteli, hufagia udongo wa shimo lake kwa brashi ya kupakia rangi, kisha kila kigae cha chungu hukilamba kabla ya kukiandikia namba. Mzee Nandonde, aliyezaliwa kwenye kiwanja hicho, humtazama kila asubuhi huku akiguna. Watu wamehamia kwenye gesi na sufuria, sasa serikali inamwajiri mtu wa kulamba vyungu! Lakini mama huyo asipopata kitu cha kale, Jumatatu zege la hoteli litamwagwa hapo. Basi jana mzee alivunja chungu cha mkewe, akadondosha kipande shimoni.

Mama akakiokota kwa vidole vyake vilivyopauka, akakilamba, akafumba macho. "Shikamoo babu," alisema kwa ile sauti yake ya chini, kama yuko kanisani. "Huu mchuzi ni wa juzi. Tena umezidi chumvi."

Vibarua walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee akageuka aondoke.

"Ngoja kwanza, babu. Jiko la bibi yako mzaa baba lilikuwa wapi?"

Akaonyesha kwa fimbo mahali lilipoegeshwa gari la mkandarasi. Mama akabeba kamba na vigingi vyake.

"Bosi," alimwita mkandarasi, "sogeza gari."