Mvua Iliyonyesha Milimani

Simu zetu zikitoa ule mlio wa tahadhari ya hali ya hewa, wenzangu ofisini hapa Riyadh huuzima na kuendelea na chai yao. Upepo mkali, mvua, mafuriko mabondeni. Huja mara moja moja tu, husema, na kweli huja mara moja moja. Mimi nikiusikia hulikumbuka gari la Mjomba Haji.

Tulikaa Hindawiya, Jeddah, pamoja na Bibi, aliyehama Unguja na watoto wake wawili wadogo, Mama na Mjomba. Mvua ya Jeddah ilikuwa adimu hata hukujua kuiogopa. Mbingu ikifunga, watu hubeba thamosi na mikeka wakaenda nje ya mji kuipokea, kama wanakwenda harusini. Siku ile nasi tukaenda kwa gari la Mjomba, tukatandika mkeka kando yake kwenye bonde kavu, mchanga wake laini kama unga. Nilikuwa na miaka saba. Mdogo wangu Salum, mtoto mchanga, alikuwa amelala.

Juu yetu kulikuwa kweupe. Mbali, milimani, wingu jeusi lilining'iniza mkia na vumbi likazunguka chini yake. Chamchela, alisema Mjomba, na akajimiminia chai nyingine. Mama alitaka tuondoke. Bibi akamcheka: dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yenyewe yako kwa wenzetu. Yeye alizijua mvua za masika, na Unguja mvua humlowesha yule iliyemnyeshea. Bonde tulilijua kwa matembezi tu. Hatukujua kuwa hukuletea mvua ya jirani.

Ukaja mngurumo, nikadhani ni lori. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mjomba alimvuta Bibi. Mama alimnyakua Salum akapanda ukingo bila kugeuka. Mimi nilikimbia mwenyewe, maji yakinifika magotini, mpaka mkono wa Mjomba ukanidaka kwa nyuma ya gauni. Gari lilikwenda na maji polepole, kwa heshima zake zote.

Kwa miaka mingi hicho kilikuwa kisa cha gari. Kila Idi Mjomba alikisimulia, tukacheka mpaka machozi, na Mama akaondoka kwenda kutazama chungu jikoni. Nilidhani bado ana hasira na kaka yake.

Mwaka jana nilijifungua mtoto wa pili, Mama akaja Riyadh kunilea. Alasiri moja upepo uligonga madirisha. Nilikuwa nikinyonyesha, mkubwa wangu akicheza karibu na mlango. Nikamwuliza Mama kwa utani kama siku ile alikumbuka kuwa ana mtoto mwingine.

Hakucheka. "Nilikuona," alisema. "Salum nilimbeba. Wewe nilikuachia Mungu."

Ndipo nilipofahamu kwamba kisa chetu cha gari, kwake, miaka yote ile, kilikuwa kisa changu. Akampokea mtoto mchanga mikononi mwangu, akaniambia niende nikamshike mkubwa.