Kilima cha Makombe

Nimechoka. Nianze hapo, maana kila nikianza na uzuri wa kile kilima najikuta narudia maneno ya biashara.

Kiko nyuma ya Sib, mji tunaokaa huku Oman, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka nyumbani, na kwa mbali hakina cha kukuvuta. Ni mteremko wa jiwe la manjano, laini, linalomeguka ukilibonyeza kwa kidole. Lakini ndani ya jiwe hilo yamejaa makombe ya baharini, chaza na konokono waliogeuka mawe tangu enzi bahari ilipokuwa huku. Mama alikigundua Ijumaa moja tulipokwenda kula wali nje, nami bado mdogo, wazee wangu hawana muda mrefu tangu wahamie huku kutoka Unguja. Aliokota kombe moja, akalifuta kwa ncha ya mtandio, akaja nalo nyumbani. Tangu siku hiyo akawa anaokota mawili matatu kila tukienda, anayatia kwenye bakuli la shaba ukumbini.

Alikuwa na sababu. Kwa mama mgeni hatoki mikono mitupu. Unguja angempa embe, au karafuu kwenye karatasi. Huku uani kwetu kulikuwa na kokoto na tangi la maji, basi. Kwa hiyo aliyekuja kumtazama, awe wa Dar au Mombasa, aliondoka na kombe la jiwe mkobani. Tulikuwa tukimcheka. Jamaa wanabeba mawe kwenye ndege, tukisema, na uzito wa mizigo wenyewe una kikomo.

Nilipostaafu ofisini nikaanza kutembeza watalii. Asubuhi nawapeleka kilimani, mchana nawaleta kwa mama wakale pilau na pweza wa nazi. Nimewaonyesha ngome, soko la Matrah na milima yote hii, na hakuna walichokipenda kama mama yangu. Wakiaga, mama husimama mlangoni akamtia kila mmoja kombe kiganjani na kumfumba vidole.

"Chukua, mwanangu, ukumbuke kwetu," humwambia, nami hutafsiri. Baadhi walilia.

Asubuhi hiyo hiyo nimeshawahubiria wasiokote hata kijiwe. Hakuna aliyeniuliza mambo hayo mawili yanakaaje pamoja, na mimi sikujitia kueleza.

Picha za viganja hivyo na makombe yake zikasambaa mitandaoni. Wakaja waongozaji wengine, kisha mabasi, kisha familia zenye watoto na ndoo za pwani. Walikuja na bisibisi na nyundo. Njia moja ya miguu ikawa kumi, na lile ganda gumu la juu, lililokuwa likiushika mteremko, likasagwa na viatu. Mvua ya baridi ilipopiga, upande mzima ulishuka na tope. Nilisimama chini nikautazama, nikahisi uchovu ambao usingizi hauutoi.

Siku moja nilimzuia bwana mmoja mwenye begi zito nikamtaka alimwage. Alilimwaga kwa adabu. Kisha akanionyesha simu yake, na humo mna mkono wenye kombe, na pete ya mama yangu.

"Bibi huyu anawagawia watu," akasema. "Kwa hiyo inaruhusiwa, sivyo?"

Nilimwambia aende zake.

Kwa mama sikufungua mdomo. Miaka hiyo alikuwa hapandi tena kilimani, akigawa akiba yake ya zamani; sasa bakuli likawa linapungua, naye akaanza kuniomba nimpeleke Ijumaa akalijaze. Nikatoa visingizio, mara joto, mara gari lina hitilafu, mara nina wageni. Mwezi ukapita hivyo. Mwishowe alivaa buibui lake akakaa kizingitini ananingoja, na mtu wa umri ule humwachi kizingitini.

Tulipanda polepole, kanishika mkono. Alitazama mashimo, chupa, na majina ya watu yaliyochorwa kwenye jiwe. Aliinama akakwangua kwa vidole, akapata vipande. Akajaribu pengine, vipande tena. Nikamrudisha garini, akakaa mlango wazi, anapangusa vumbi mikononi.

"Nani kafanya hivi?"

"Watalii, mama."

"Nao wamepajuaje huku?"

"Mimi niliwaleta."

"Na haya nnayowapa mlangoni, ndiyo yalowaleta wengine?"

"Ndiyo."

"We umejua tangu lini?"

Ningeweza kumdanganya, lakini hata uongo unataka nguvu. "Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi. Na kila wiki waniletea watu, nami nawapa."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenigombeza, maana kugombezwa na mama nimekuzoea, na mtu hugombezwa yakaisha. Aliuvuta mlango, akafunga mkanda mwenyewe, kazi ambayo siku zote huniachia mimi.

"Ungenambia tu, mwanangu," akasema. "Ningewapa halua."

Nikawasha gari. Hilo la halua nilikuwa nimeshaliwaza mwenyewe, si mara moja. Halua inauzwa kila pembe ya Matrah, na hakuna mtalii ambaye angenifuata mpaka Sib kwa ajili yake.