Gari Lililogoma Siku za Ijumaa

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya bibi mmoja wa Luena ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Mwana wa rafiki yangu Mzee Ramazani, mfanyabiashara wa vikwembe, yaani vitenge, huko Kamina, alikuwa amemposa mjukuu wa bibi huyo. Ijumaa moja baada ya posa, wazee wa upande wa msichana walipandishwa gari la Mzee ili wakaione nyumba atakamoishi binti yao. Kwenye mpando mrefu gari likaishiwa nguvu, na wageni wakashuka kusukuma. Bibi alisukuma pamoja nao. Walipofika juu alitoa neno lake: siku ya arusi mjukuu wake atapelekwa kwa gari lile lile, naye mwenyewe akiwa ndani. Wakilazimishwa kushuka tena, watarudi nyumbani kwa miguu, yeye na bibi arusi. Arusi ilikuwa imepangwa Ijumaa, na Mzee akaniita nilitengeneze gari kabla yake.

Wakati huo nchi ilikuwa bado Zaire, na kwa wengi wetu turbo lilikuwa neno tu lililoandikwa nyuma ya gari. Gari la Mzee lilikuwa nayo. Ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini, ili isukume hewa nyingi ndani. Ikikosa hewa, injini inakuwa kama mtu aliyebeba gunia huku ameziba pua. Mimi si fundi wa shule. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba, na kwa kufungua vitu ambavyo sikuambiwa nivifungue.

Garimoshi lilipita Luena mchana. Kutoka dirishani niliona marundo ya zamani ya makaa ya mawe, na baada ya hapo tukaanza kupanda taratibu kuelekea Kamina. Niliutazama mwinuko ule kwa makini kuliko abiria wengine wote.

Kamina, Jumanne jioni. Mzee Ramazani alinipokea stesheni akiwa na suti ya abakosti ya kijivu na kofia yake ya msikitini. Wazazi wake walitoka Maniema, naye alikuwa na upole wa watu wa kule, lakini safari hii hakuweza kuficha wasiwasi.

“Fundi, gari iko muzima juma yote,” alisema. “Ijumaa njo inakataa. Bantu ya soko banasema iko Muislamu kunipita minyi.”

Dereva wake Ilunga, Mluba mrefu mwenye shati lililopigwa pasi, alicheka akitazama pembeni. Nilimuuliza kama ni kweli.

“Njo vile, baba. Jumamosi unaiwasha, inakimbia sawa swala.”

Sikuamini habari ya Ijumaa. Niliamini mpira wa hewa uliopasuka.

Jumatano nilianza kazi uani. Nilikagua mipira yote ya hewa, nikaipaka povu la sabuni ili nione inapovuja. Haikuvuja. Nilikagua kilango kinachozuia turbo isisukume kupita kiasi. Kilifunguka na kujifunga vizuri. Nikafungua kichujio cha hewa, nikakikuta safi kama kimetoka dukani, nikamsifu Ilunga. Ilikuwa katikati ya kiangazi, na vumbi la Kamina lilikuwa limebadilisha rangi hata ya mbuzi. Kichujio safi namna ile kilistahili swali, si sifa.

Mchana nilikwenda soko la kambi ya jeshi kutafuta mpira mwembamba. Mke wa askari mmoja aliyetoka mbali, jimbo la Ekwateri, alikuwa na mipira ya serumu ya hospitalini katikati ya sabuni na dagaa.

“Papa, mugonjwa wako iko wapi?” aliuliza kwa huruma.

“Amesimama uani kwa Mzee Ramazani. Ana magurudumu manne.”

Alicheka mpaka akamwita jirani yake aje asikie, kisha akaniongezea kipande kingine.

Alhamisi niliunganisha mpira ule kwenye bomba la turbo, nikaupitisha dirishani na kuufunga kwenye kipimo cha upepo wa matairi nilichokishika mkononi. Ilunga aliendesha kwa nguvu kwenye barabara ya uwanja wa ndege, nyuma tumepakia magunia ya chumvi. Mshale ulipanda, ukakaa pale pale. Tukarudia. Ukapanda tena.

“Unaona? Imepona!” Mzee Ramazani alisema tulipomweleza uani.

“Haijapona, Mzee. Haijaumwa leo.”

Nilijua nimemharibia chakula cha jioni, lakini ugonjwa usioonekana mahali ulipo hautibiwi.

Ijumaa alfajiri nilimkuta Ilunga akiwa amemaliza kuosha gari. Liling'aa kama sahani. Tukaondoka watatu kwenda Luena kumchukua bibi arusi: Ilunga, mimi, na Mama Zaina, mke wa Mzee, mwenye sauti kubwa na vikapu vya zawadi. Mzee alibaki kuwapokea wageni, maana ndoa ingefungwa baada ya sala ya alasiri.

Karibu na Luena barabara inashuka kwa muda mrefu, kisha kuna kilima kidogo kabla ya mji. Pale gari likaanza kukohoa. Moshi mweusi ukatufunika. Mshale uliokuwa ukipanda jana ulilala.

“Ijumaa!” Ilunga alipiga usukani. “Si nilikuambia?”

“Ee Mungu,” Mama Zaina alisema, “ule mwanamuke wa kizee atatumeza bazima.”

Nikaomba tusimame. Kama hewa ingekuwa inavuja baada ya turbo, tungesikia mlio wake, na hatukusikia kitu. Basi huenda haikuwa inaingia kabisa. Nikauhamishia mpira wa serumu kabla ya turbo, nikaukunja kama herufi U kwenye dirisha ili maji ndani yake yaonyeshe injini inavuta kwa nguvu gani, na kwa kuwa maji hayaonekani vizuri, nikamwomba Mama Zaina chai kutoka kwenye chupa yake.

“Chai ya bashemeki yangu?” Alikuwa amewabebea wakwe za mwanawe.

“Kidogo tu, Mama.”

Ilunga akapanda tena kile kilima. Chai ilipanda mpirani, ikapita ukingo wa dirisha, ikatoweka ndani ya injini.

“Inakunywa chai!” Mama Zaina alipiga makofi. “Gari inakunywa chai!”

Ilikuwa inavuta kwa nguvu kwa sababu mdomo wake umezibwa. Nikalala kifudifudi mbele ya gari, nikaingiza mkono nyuma ya taa mpaka kwenye bomba linalovuta hewa ya nje. Nikatoa kitambaa cha kikwembe, kimekunjwa mara mbili, kimelowa, kizito kwa tope.

Mama Zaina akakitazama, akasema polepole, “Ile njo yangu.”

Alieleza bila kuona haya. Mafuta ya mawese anayachuja kwa kitambaa. Kwa nini gari limeze vumbi? Alikifunga pale mwanzo wa kiangazi.

“Na minyi nakifua kila Ijumaa,” Ilunga akaongeza, “asubuhi, mbele Mzee aende musikitini. Gari ya Ijumaa inapashwa kuwa safi yote.”

Kikikauka, hewa ilipita. Kikilowa na vumbi likageuka udongo, injini ilifungwa pumzi mpaka jua likikaushe. Jumamosi kila kitu kilikuwa kizima. Niliwaambia kwamba wote wawili walilipenda gari kupita kiasi, na Ilunga akacheka kuliko sote.

Luena, kabla ya adhuhuri. Bibi, ambaye watu wote walimwita Nkambo, alitutazama mikono kwanza, kama anayetafuta dalili za kusukuma. Mjukuu wake alikaa nyuma kati yake na Mama Zaina, amefunikwa uso.

“Weye njo fundi?” Nkambo aliniuliza. “Minyi nilisukuma hii gari na hii mikono. Leo sishuke.”

Tulipofika chini ya mpando mrefu Mama Zaina aliacha kuimba. Ilunga akakanyaga mafuta. Mshale, ambao nilikuwa nimeurudishia mpira wake, ukapanda, ukakaa. Sikuona moshi wala kusikia gari likikohoa. Miti ilipita dirishani, na mkono wa bibi arusi ulikuwa umemshika nyanya yake kwa nguvu. Tukatokea juu.

“Simamisha,” Nkambo alisema.

Ilunga alisimamisha. Bibi akafungua mlango, akashuka, akautazama mpando wote tulioupanda, akajinyoosha mgongo.

“Leo nimeshuka sababu ninapenda,” alisema, akarudi ndani. “Twende, bantu batatungoya.”

Mama Zaina alipiga kigelegele mpaka tukaingia Kamina.

Jumapili nilipanda garimoshi la kurudi. Ninachowaletea wasomaji wa nyumbani ni hiki: kitu kinachougua siku moja na kupona ya pili, msiulize tu kina ubovu gani. Waulizeni pia wenye nacho wanakitunza vipi siku ile, na waulizeni kwa upole, maana mnauliza habari za upendo wao.

Mama Zaina alinifungia maandazi katika kipande cha kikwembe kile kile, kimefuliwa na kukauka, akanishauri nikitumie kuziba pua vumbi likizidi njiani. Karibu na Bukama lilizidi. Jirani yangu akanisogezea chupa ya maji ili nikiloweshe kwanza. Nilimshukuru, nikakifunga kikavu.