Mawe ya Baba na Ukuta wa Krismasi

Harufu ya udongo mweupe uliolowa mvua hunifanya nifunge dirisha mpaka leo. Tuliishi nje kidogo ya Nakuru, karibu na korongo ambalo kuta zake zilipangana matabaka, jeupe juu ya la kijivu, mpaka chini kabisa. Katika miaka hiyo ya hamsini baba yangu alifanya kazi kwa Mzungu mmoja mpole, msomi wa mawe. Walichonga kipande katika kila tabaka, wakakifunga kwa gazeti lenye namba, kisha wakakilowesha na kukichekecha mpaka vikabaki vigamba vya vidudu vya ziwani, vidogo kuliko punje ya wimbi. Siku moja Baba aliniruhusu kuchungulia kwenye hadubini. Loo! Nilidhani mtu amepasua mayai ya siafu humo ndani. "Hivi vya Nakuru vikifanana na vya Naivasha," aliniambia kwa fahari, "tutajua kama maziwa haya yaliwahi kuwa maji mamoja." Darasa hakuliona, namba alizijulia kazini, lakini matabaka yale aliyajua kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake.

Desemba hiyo mvua ilinyesha kupita kiasi. Ukuta wa korongo uliporomoka wote, na hema la Mzungu likavuja, hivyo Baba akaleta nyumbani kreti ya vipande, kazi ya miezi minane. "Mtu asiguse," alisema, nami nilimsikia vizuri. Sasa, kwetu Krismasi ikikaribia kila mwanamke alipaka nyumba yake udongo mweupe, na ole wake ambaye ukuta wake ungebaki na masizi. Angesengenywa mpaka Pasaka. Mama alikuwa na kitoto cha siku tano, hajiwezi hata kuinama. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilitaka pia sifa. Nilikuwa na miaka tisa na akili ya kuku: jiwe ni jiwe, nikajiambia, Baba atachonga mengine. Nikafungua magazeti, nikawashia moto, nikasaga vipande vyote vyeupe, nikavikoroga kwenye karai na kupaka ukuta wa mbele hadi mkono wangu ulipofika. Uling'aa, jamani.

Mama alitoka na mtoto kifuani. Alitazama ukuta, akatazama kreti, akakaa chini matopeni. "Njeri, umetumaliza," alisema. Sikuwa nimeanza kulia vizuri Baba alipotokea njiani, na Mama akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu. "Nyamaza. Usiseme neno." Kisha akainuka. "Baba Njeri, ni mimi. Nilidhani ni chokaa tu." Baba hakumpiga. Alipapasa ukuta ule mbichi kwa viganja vyote viwili, akitafuta sijui nini.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mzungu naye hakufoka. Alifunga mizigo yake akarudi kwao, na kazi ikaisha. Ilikuwa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, na Mkikuyu asiye na barua ya mwajiri hakuachwa akae Bonde la Ufa. Kabla ya mwaka mpya tulipakiwa kwenye lori kupelekwa kwa ndugu tusiowajua, ambako hatukuwa na hata shamba la kupanda sukuma wiki. Kitoto kilikufa huko kwa baridi. Baba aliishi miaka kumi na mitatu zaidi, na katika miaka hiyo yote hakumwita tena Mama kwa jina lolote. Alisema, "Leta chakula," akala akiwa amempa mgongo. Mama alivumilia. Nami nilikaa baina yao, mdomo nimeufunga, mpaka wote wawili wakazikwa.

Siku hizi mjukuu wangu anasomea mawe chuoni Njoro. Juzi alinionyesha vigamba vilevile kwenye simu, vikubwa kama maharagwe. Kinachofanywa sasa kwa mashine baba yangu alikifanya kwa chekeche na macho yake. "Cucu, si baba yako alikuwa anafanya hii kazi? Mbona aliacha?" Mtoto mwenyewe mpole, tuko wawili tu, na wa kuniadhibu hayupo tena duniani. Nikafungua mdomo niseme kweli, naapa.

"Mama yangu aliharibu mawe," nikamjibu.