Mjomba Aliyeishia Majita

Mama alikuwa na kaka mmoja tu, na huyo kaka alichukuliwa na serikali ya Waingereza akiwa bado mtoto. Kosa lake lilikuwa baiskeli. Karani wa pamba aliiegemeza ukutani nje ya baraza la chifu, mjomba akaipanda, akaenda nayo Mwanza kuangalia gari moshi. Walimkamata kesho yake karibu na stesheni, rimu ya mbele imepinda. Hakimu akaamua apelekwe shule ya watoto wakosaji, mbali huko upande wa pwani. Hakuonekana tena kwao Kisesa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyajua. Nyumbani mjomba hakuzungumziwa, na babu alifariki bila kulitaja jina lake mbele yetu.

Kiwanda cha nguo nilichokuwa nikifanyia kazi Nyakato kilipopunguza watu, nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Nikaanza kuuza mitumba, kwanza sokoni Nyamagana, halafu kwenye minada ya njia ya Musoma. Wakati huo mama alikuwa amepatwa na presha. Nilipokwenda Kisesa kumwangalia, aliniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

"Kaka yangu," alisema, "sijui kama nimlilie au nimsubiri. Wewe unatembea. Uliza."

Niliuliza kwanza mahakamani. Kijana aliyekuwa zamu alinisikiliza vizuri, akaniambia majalada ya wakati wa mkoloni yaliliwa na mchwa, hata yeye hajawahi kuliona moja. Nikaenda kwa mzee mmoja jirani yetu Nyakato, askari magereza mstaafu.

"Wale watoto walifundishwa ufundi, binti yangu," aliniambia. "Useremala, ushonaji, kufyatua matofali. Ukimaliza kifungo unapewa tiketi ya kukurudisha ulikotoka."

"Kwa hiyo alirudi Mwanza?"

"Alishuka Mwanza. Kufika kwao ni jambo lingine. Wengi walikuwa wanatoka stesheni wanakwenda bandarini, wanapanda meli. Bukoba, Musoma, Ukerewe. Mahali ambapo hakuna anayemjua baba yako."

Nilikuwa na alama moja ya kumtafutia. Mama alisema sikio lake la kushoto lilikuwa nusu. Mbwa alimng'ata akiwa mdogo. Basi kila mnada niliokwenda, nikishapanga nguo zangu juu ya turubai, niliwaendea mafundi cherehani wazee nikawauliza. Walikuwa na nafasi ya kuzungumza. Nguo mpya hazikushonwa tena kama zamani. Kazi yao kubwa ilikuwa kupunguza viuno vya suruali ambazo watu walizinunua kwetu. Niliuliza hivyo zaidi ya mwaka, mpaka fundi mmoja wa Musoma aliposimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Fundi wa sikio?" alisema. "Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Yuko Majita. Yaani, kaburi lake liko Majita."

Nilikwenda wiki iliyofuata. Mjane wake nilimkuta kwenye majabali karibu na maji akianika dagaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu anayeongoza kwaya, na kweli aliongoza kwaya. Nilimwamkia, nikamwambia nimetoka Mwanza, nikamwambia mama yangu ni nani na kwamba kwetu ni Kisesa. Alidhani nimepotea nyumba.

"Mume wangu hakuwa na ndugu," alisema. "Alikuwa yatima wa Tabora. Alikuja na sanduku moja, akaomba kazi kwenye duka la Mhindi, akashona barazani. Kanisani ndiko alikopata jina."

"Sikio lake la kushoto lilikuwa nusu?"

Aliendelea kusambaza dagaa kwa kiganja. Halafu akaketi.

"Kwenu ni Kisesa," alisema polepole. "Kisesa hii ya Magu, unapita na basi?"

"Ndiyo, mama."

"Na ana dada?"

"Mmoja. Ndiye aliyenizaa."

Nilitegemea alie. Alikasirika. "Unajua binti yangu alipoolewa tulifanya nini? Walidai shangazi. Wakwe wamekaa, chakula kinapoa, shangazi hayupo. Nikamwazima jirani, nikamfunga kitenge changu, akasema maneno ya shangazi. Baba yao amekaa palepale anatazama chini. Kumbe nina wifi, tena mzima!"

Baada ya muda alinipikia, tukala, akanionyesha kaburi. Lilikuwa na msalaba wa saruji na jina ambalo kwetu hakuna aliyewahi kulisikia. Aliniambia mumewe alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, asiyependa kusafiri. Basi la Mwanza lilipopita alikuwa na kawaida ya kuinamisha kichwa kwenye kazi yake. Mkewe alidhani macho yanamsumbua.

Niliporudi Kisesa nilimweleza mama yote, kwa mpangilio, kama nilivyoyasikia. Alinisikiliza huku akimenya viazi. Nilipofika kwenye uyatima wa Tabora, aliweka kisu chini.

"Hakusema uongo sana," alisema.

Ndipo aliponieleza habari ya ng'ombe. Siku ya hukumu, hakimu alimpa babu nafasi. Atoe ng'ombe mmoja kwa ajili ya baiskeli ya karani, mtoto achapwe viboko, arudi nyumbani. Babu alikuwa na ng'ombe. Alisimama mbele ya watu wote akasema anayefaa ni mmoja tu na huyo ana mimba, kwa hiyo wamchukue mtoto. Mama alikuwa amekaa pembeni na bibi. Mjomba alikuwa amesimama katikati ya askari wawili, na aliyasikia.

"Ndama alizaliwa," mama alisema. "Tulikunywa maziwa yake. Mimi pia nilikunywa."

Aliokota kisu akaendelea na viazi.

Tulikaa matanga ya mtu aliyekufa miaka kadhaa nyuma, katika nyumba ambayo hakuwahi kuingia akiwa mtu mzima. Majirani walikuja wakiwa hawaelewi, wakakaa kwenye mikeka, wakala. Mjane alikuja kwa basi, amevaa sare ya kwaya, akiwa na mwanawe wa kiume, aliyekuwa akikata minofu ya sangara kwenye kiwanda kimoja hapohapo Nyakato, si mbali na chumba nilichopanga.

Mama alimpokea mjane mlangoni. Walishikana mikono muda mrefu, kila mmoja akimkagua mwenzake. Kisha mama akauliza, "Alikuwa anakula nini? Alipenda nini?" Mjane akajibu, mama akauliza tena, wakaendelea hivyo jioni nzima. Kesho yake mama aliomba jina la ukoo liandikwe kwenye kaburi. Mjane alikataa.

"Wifi, mimi niliolewa na huyu wa Majita," alisema. "Wa kwenu simjui."

Mama alifikiri. "Basi liache," alisema. "Alilichagua mwenyewe."

Binamu yangu, yule mwana wa mjane, alipoondoka nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamwambia awe anakuja, huku ni kwao.

"Dada, mimi sina ugomvi na mtu," alisema. "Lakini baba alikuwa na miguu, na basi lilikuwepo. Kama hakutaka kuja, mimi nije kwa nani?"

Kisesa hakurudi. Nyakato tulikutana mara nyingi, yeye akitoka zamu na buti zake nyeupe mkononi, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za mama zetu. Mjane ndiye aliyekuwa akija Kisesa, kila msimu wa dagaa, na alikuja hata baada ya mama kufariki.